Fundi wa Kompyuta Anajibu: Ukipata Dawa, Rudi Useme Ilitibu Ugonjwa Gani

Barua za mara hii zimetoka Tandahimba, Nachingwea, Lindi mjini, Masasi, Kilwa Masoko na Ruangwa. Kila mwandishi ana kompyuta yake na shida yake, lakini nilipozipanga mezani hapa Mtwara niliona kwamba zote zinagusa jambo moja, nalo ni namna tunavyopeana ufumbuzi wa matatizo ya kompyuta katika makundi yetu ya simu, na kile kinachopotea njiani ufumbuzi huo unapotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Sikuzijibu kwa urefu ulio sawa, kwa kuwa baadhi zinahitaji maelezo marefu na nyingine zinatoshwa na maneno machache.

Shikamoo, fundi. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Tandahimba. Kila asubuhi kompyuta ya ofisi yetu inakataa kufungua tovuti ya benki na barua pepe, ikitoa onyo kwamba muunganisho si salama. Niliandika katika kundi la WhatsApp kwamba "kompyuta inasumbua, haifungui mtandao", nikapata majibu kumi na moja. Mmoja alisema nipige Windows upya (yaani nifomati, nifute diski na kuiweka Windows kutoka mwanzo), mwingine ninunue antivirasi, mwingine nibadilishe kivinjari, mwingine nihamie laini ya kampuni nyingine. Mmoja tu aliniambia nitazame saa ya kompyuta. Nikairekebisha na tovuti zikafunguka, lakini kesho yake asubuhi shida ikarudi vilevile. Ni nani kati yao aliyekuwa sahihi, na nitajuaje jibu la kushika?

Marahaba, mwanangu. Aliyekuambia utazame saa ndiye aliyeugusa ugonjwa, ila alikupa nusu ya dawa kwa sababu hakukueleza kwa nini saa inahusika. Tovuti ya benki hujitambulisha kwa kompyuta yako kwa cheti cha kielektroniki chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika, na kompyuta hukikagua cheti hicho kwa kutazama saa yake yenyewe, si saa iliyotundikwa ukutani. Saa hiyo ikisema kwamba leo ni Januari 2015, cheti kilichotolewa mwaka huu kitaonekana kuwa bado hakijaanza kutumika, na kivinjari kitaizuia tovuti kwa kudhani kwamba kinakulinda.

Swali linalobaki ni kwa nini saa inarudi nyuma usiku. Juu ya ubao mkuu wa kompyuta, ambao mafundi wanauita mazabodi, kuna betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, iliyoandikwa CR2032. Tarakimu hizo ni vipimo vyake, yaani kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2, na nguvu yake ni volti 3. Kazi yake ni kuiendesha saa wakati kompyuta haipati umeme. Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa kwenye soketi, hata kama umeizima, umeme kidogo huendelea kuingia na saa hutembea, na ndiyo maana watu wengi wenye betri iliyokufa hawajui kwamba imekufa. Ninakisia kwamba ninyi mnazima swichi ya ukutani kila jioni kabla ya kufunga ofisi, jambo ambalo ni jema kabisa, lakini hapo ndipo saa inapokosa pa kushikilia. Jaribio la kulithibitisha hilo halina gharama: usiku mmoja iacheni swichi ya ukutani ikiwa imewashwa, mkiizima kompyuta tu, na asubuhi mtazame tarehe. Ikiwa sahihi, basi chanzo mmeshakipata, na mimi nikiipima betri ya namna hiyo kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, nikakuta iko chini ya volti 2.7, huwa naibadilisha bila kusubiri. Kabla ya kuitoa, ingieni katika mipangilio ya BIOS, yaani programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows, na mpige picha ya kila ukurasa kwa simu, kwa kuwa mipangilio hiyo inaweza kurudi ilivyotoka kiwandani. Nimeona kompyuta ambayo baada ya kubadilishiwa betri ilitoa skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, kumbe namna ya kuisoma diski ilikuwa imehama kutoka AHCI kwenda IDE, na fundi aliyekuwapo akaihukumu diski kuwa imekufa.

Sasa nije kwenye majibu yako kumi na moja. Wale kumi hawakuwa na nia mbaya. Kila mmoja alijibu shida aliyowahi kukutana nayo yeye, kwa sababu neno "inasumbua" linaweza kubeba shida zote duniani. Linalonitia hofu zaidi ni shauri la kupiga Windows upya. Tuseme ungelifuata katikati ya msimu wa korosho, wakati kompyuta hiyo ina kumbukumbu za mizigo ya wakulima iliyopelekwa ghalani. Katika hatua za kupiga Windows fundi angeweka tarehe mpya, tovuti zingefunguka siku hiyo, na kundi zima lingeamini kwamba kufomati ndiko kulikoponya. Asubuhi yake shida ingerudi na kumbukumbu zingekuwa zimeshapotea, na tena ufumbuzi wa uongo ungekuwa umeshasafiri mpaka Newala na Nanyumbu. Ndiyo maana, kwangu mimi, jibu la kushika ni lile ambalo mtoaji wake anaweza kukueleza sababu, na ambalo unaweza kulijaribu bila kuharibu kitu.

Swali lako lingekuwa na heri zaidi kama ungeliandika hivi: "Kompyuta ya mezani, Windows 10. Kila asubuhi tovuti zenye kufuli, kama ya benki, zinakataa kufunguka kwenye vivinjari viwili tofauti. Ujumbe kamili uko kwenye picha. Simu inayotumia mtandao uleule inazifungua vizuri. Nimeshazima na kuwasha mara mbili bila mafanikio." Sentensi ya simu peke yake ingewanyamazisha waliosema uhamie laini nyingine, na sentensi ya vivinjari viwili ingemnyamazisha aliyesema ubadilishe kivinjari.

Ukishabadilisha betri na kukaa wiki moja bila shida, nakuomba urudi kundini uandike: dalili ilikuwa hii, chanzo kilikuwa betri ya CR2032, nilithibitisha kwa kuacha swichi ikiwa imewashwa usiku, nimebadilisha na siku saba zimepita. Mistari minne hiyo ni deni lako kwa yule mmoja aliyekutajia saa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Nachingwea. Flashi za wanafunzi zinarudi kutoka steshenari zikiwa na njia za mkato (shortcut) tu, mafaili hayaonekani. Mtu alituma kundini amri ya kuandikwa kwenye Command Prompt, dirisha la amri la Windows, yaani attrib -h -r -s /s /d G:\*.* bila maelezo yoyote. Kwangu ilifanya kazi. Je, naweza kuwapa wanafunzi waitumie? Na je, niwafundishe kuandika matatizo yao kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Mwalimu, nashukuru kwamba umeuliza kabla ya kuisambaza. Amri hiyo ni sahihi, lakini iliyotumwa bila maelezo ni kama dawa iliyotolewa kwenye chupa isiyo na karatasi. Wanafunzi wako waelezwe kila herufi. Neno la kwanza linaita programu ya kubadilisha sifa za mafaili. Alama ya kutoa pamoja na h inaondoa sifa ya kufichwa, pamoja na r inaondoa sifa ya kusomwa tu, na pamoja na s inaondoa sifa ya kuwa faili la mfumo. Ile /s yenye mkwaju inaamuru kazi ifanyike mpaka ndani ya mafolda yote, na /d inaamuru mafolda yenyewe nayo yaguswe. G ni herufi ambayo kompyuta yako wewe iliipa flashi yako siku ile, na hapo ndipo hatari ilipo: kwa mwanafunzi mwingine flashi inaweza kuwa E au F. Akiandika C kwa kukosea, ataanza kuyavua ulinzi mafaili ya Windows yenyewe. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuandikwa kwenye karatasi ya darasa ni kufungua dirisha la kompyuta na kuitazama herufi ya flashi, kisha amri ifuate.

Yapo na mengine mawili ambayo aliyetuma hakuyasema. Amri hiyo inayarudisha mafaili machoni tu, haiui kirusi. Kirusi cha namna hii huyaficha mafaili yako na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale, ili ukibonyeza moja uwe umekiwasha wewe mwenyewe. Kompyuta ya steshenari au ya maabara yenu ikiwa bado ina kirusi, flashi iliyosafishwa saa nne itakuwa imeshafichwa tena ifikapo saa tano, na mwanafunzi atasema amri ile ni ya uongo. Safisheni kwanza kompyuta kwa antivirasi yenye masasisho mapya, kisha flashi, kisha ndipo mwite amri hiyo.

Wafundishe pia kwamba si kila amri inayotumwa ni ya heri. Kwa miaka mingi wapo watu waliojifurahisha kwa kuwaambia wageni wa kompyuta kwamba wakifuta folda la System32 mashine itakuwa na kasi, hali folda hilo ndilo lenye viungo vya Windows. Mwanafunzi anayejua kuuliza "herufi hii inafanya nini" hatanaswa na mtego huo.

Kuhusu lugha, mimi nasema waeleze kwa Kiswahili, lakini ujumbe wa kosa unaotokea kwenye skrini waunakili kama ulivyo, neno kwa neno na namba kwa namba, bila kuutafsiri. Mtu wa Songea au wa Mombasa mwenye shida hiyohiyo atatafuta kwa kuandika maneno yaleyale aliyoyaona kwenye skrini yake, na akikuta tafsiri yako tu hatakufikia. Maelezo ya dalili, sababu na hatua ndiyo yanayohitaji Kiswahili chetu, tena chenye utulivu. Maandishi ya Kiingereza juu ya kila hitilafu yamejaa mtandaoni, lakini karani ambaye Kiingereza chake hakifiki kwenye lugha ya mafundi anabaki kukisia, na kukisia ndiko kunakomfanya afomati.

Nina steshenari Lindi mjini. Printa yangu ilikwama, kazi moja haichapishwi wala haifutiki, na zilizofuata zikapanga foleni nyuma yake. Nilipotafuta nilimkuta mtu aliyekuwa na shida hiyohiyo miaka miwili nyuma, na mwisho wa mazungumzo aliandika tu, "Nimeshapata, asanteni." Nilisikitika sana.

Una haki ya kusikitika, ndugu yangu, kwa sababu mtu huyo alikuwa na ufunguo mkononi akafunga mlango nyuma yake. Fanya hivi: fungua orodha ya huduma za Windows, yaani Services, uitafute ile inayoitwa Print Spooler na uisimamishe. Kisha nenda kwenye folda la C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, ufute yaliyomo ndani yake bila kulifuta folda lenyewe, halafu uiwashe tena huduma ile. Foleni itakuwa tupu, nawe utatuma kazi zako upya. Angalia kwamba folda hilo liko ndani ya System32 niliyoitaja kwenye jibu lililotangulia, kwa hiyo usiguse kingine chochote humo. Kazi ileile ikikwama tena baada ya hapo, mashaka yahamie kwenye faili la mteja au kwenye draiva ya printa, yaani programu inayoiwezesha Windows kuiendesha printa. Ikikubali, naomba uandike kundini ni hatua ipi hasa iliyokubali.

Mimi ni kijana fundi, niko Masasi. Niliujua ufundi huu kwa kushinda njaa, nikitumia bando langu usiku. Sasa kila siku wananiuliza kundini, nikijibu wanafanya wenyewe na dukani hawaji. Wazee wa fani wananiambia nishirikishe ninachokijua. Kwa nini niugawe mkate wangu bure?

Mdogo wangu, swali lako ni la haki, na sitakujibu kana kwamba kodi ya fremu inalipwa kwa shukrani. Jibu fupi unalompa mtu kundini halikunyang'anyi kazi ambayo ingekulipa. Anayeweza kuiondoa foleni ya printa kwa mistari mitatu hakuwa mteja wako wa kesho. Mteja wako ni yule ambaye diski yake inagongagonga, au ambaye laptopu yake imemwagikiwa chai, na huyo anapotafuta fundi humkumbuka mtu ambaye majibu yake kundini yalikuwa ya kweli. Unachouza ni uchunguzi, mikono, vipuri na dhamana ya kazi, na hivyo haviwezi kutumwa kwa WhatsApp. Una ruhusa pia ya kusema, "Hapa mwisho wa maelezo, hii iletwe mezani."

Lakini ipo sababu nyingine, nami nitakusimulia ilivyonifikia. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, mvua ziliikata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi katika eneo la Somanga, na vipuri tulivyoviagiza Kariakoo vikakwama huko. Kabla hatujatulia, tarehe 12 Mei nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, na intaneti ikadhoofika nchini. Katika siku hizo nililetewa kompyuta ya mezani iliyokuwa ikiwaka kwa sekunde chache na kuzima, ikiwaka na kuzima. Mkono wangu ulikuwa tayari kuandika "pawa saplai", kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, na kumwambia mteja asubiri barabara ifunguke. Mtandaoni sikuweza kutafuta lolote. Nikafungua daftari ambalo huwa nanakilia majibu mazuri ya watu, nikakuta maelezo ya fundi mmoja wa mji wako huohuo wa Masasi, niliyoyanakili mwaka uliotangulia: mashine inawaka na kuzima baada ya sekunde kama nne, chanzo ni kitufe cha kuwashia kilichonasa ndani, kwa sababu kukishikilia kitufe kwa sekunde nne ni amri ya kuzima kwa nguvu, amethibitisha kwa kuchomoa waya wa kitufe kwenye mazabodi na kuzigusanisha pini zake mbili mara moja kwa bisibisi, na mashine ikakaa. Nilifanya hivyohivyo, ikakaa. Kitufe kilikuwa kimejaa vumbi na chumvi ya bahari. Mteja hakununua pawa saplai, nami nilipokea fedha ya kazi siku ileile badala ya kusubiri mzigo.

Tazama jinsi fundi yule alivyoandika. Angeandika "kitufe" peke yake, ningepita bila kuelewa. Alitoa dalili yenye sekunde zake, akatoa sababu, kisha akaeleza alivyothibitisha, na kwa sababu hiyo maneno yake yalifanya kazi kwenye meza yangu, mwaka mwingine, bila yeye kuwapo.

Desturi hii ni ya zamani katika fani yetu. Tarehe 9 Septemba 1947, wahudumu wa kompyuta iliyoitwa Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walikuta mdudu aitwaye nondo amekwama ndani ya mashine yao. Hawakumtupa wakaendelea na kazi. Walimbandika kwa utepe wa gundi kwenye daftari la siku, wakaandika kwamba alikutwa katika relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) namba 70, paneli F, na ukurasa huo, pamoja na nondo wake, umehifadhiwa mpaka leo na Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani mjini Washington. Mimi nikifungua kompyuta za Mikindani nikakuta mjusi aliyekaukia kwenye pawa saplai huwa namkumbuka nondo yule, naandika tarehe na mahali.

Jambo la mwisho kwako, na hili linaniuma. Miaka ya nyuma niliwahi kumshauri mtu kwa simu kwamba diski yake imekufa, kwa kusikia dalili tu. Akanunua mpya. Baadaye ikaonekana kwamba tatizo lilikuwa waya wa SATA, ule unaoiunganisha diski na mazabodi, uliolegea. Fedha yake niliirudisha, lakini tangu siku hiyo nikijibu watu kundini natenganisha wazi kile ninachokidhani na kile nilichokithibitisha. Anza na desturi hiyo ungali kijana, maana kundi lina watu wengi na kosa moja linaweza kununua diski kumi.

Habari za kazi, fundi. Mimi ni mhasibu wa SACCOS, Kilwa Masoko. Nilituma kundini picha ya skrini yenye hitilafu, mtu nisiyemjua akanifuata pembeni akitaka niweke AnyDesk ili anisaidie, kisha akaomba namba za siri zinazoingia kwenye simu. Niliacha kumjibu. Je, nilikosea?

Hukukosea hata kidogo, dada. AnyDesk na TeamViewer ni programu halali ambazo mafundi wanazitumia kuiendesha kompyuta iliyo mbali, lakini unayemruhusu kwa njia hiyo amekaa kwenye kiti chako, anaona unachokiona na anabonyeza anachotaka. Apewe mtu unayemfahamu, mbele ya macho yako, na programu ifungwe kazi inapokwisha. Ama namba ya siri inayoingia kwenye simu yako, hakuna hitilafu yoyote ya kompyuta ambayo fundi anahitaji namba hiyo ili aitengeneze. Anayeiomba anatafuta fedha. Msaada uliobaki kundini, mbele za watu, unaweza kusahihishwa na wengine wanaojua. Uliopelekwa pembeni hauna shahidi, na hata ukifanikiwa hautamfaa mtu mwingine.

Lililonishtua ni picha uliyoniambatishia. Nyuma ya ujumbe wa kosa yanaonekana majina ya wanachama, namba zao za akaunti na salio la kila mmoja. Watu wale hawakukubali kuonyeshwa kundini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaihusu taasisi yenu kwa sababu mnakusanya na kutunza taarifa za watu. Ifute picha hiyo leo kama bado inafutika, umweleze msimamizi wa kundi aiondoe, na uwataarifu viongozi wako bila kuficha. Siku nyingine kata picha ibaki na kisanduku cha kosa peke yake. Sisi mafundi tunahitaji maneno ya kosa na jina la programu. Salio la mama anayeuza samaki halitusaidii kitu.

Niko Ruangwa. Nimehifadhi ushauri wa mwaka 2016 unaosema tuzime masasisho ya Windows ili kuokoa bando. Bado unafaa?

Haufai, na hata mwaka ule ulikuwa na hatari. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa sahihisho la tundu moja la usalama katika Windows, na mwezi Mei mwaka uleule kirusi cha WannaCry kikapita katika tundu hilohilo duniani kote, kikifunga mafaili na kudai fedha. Kompyuta zilizokuwa zimepokea sahihisho hilo zilikuwa na kinga. Kama bando ndilo linalokubana, na najua linabana, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uiambie Windows kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo (metered connection), nayo itapunguza kwa kiasi kikubwa inachopakua yenyewe; kisha mara moja kwa mwezi uipeleke kompyuta penye mtandao mzuri ipokee masasisho. Kila unaposoma ufumbuzi, tazama tarehe yake na toleo la Windows lililotajwa. Windows 7 iliacha kupata masahihisho tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa nyongeza. Ufumbuzi usiotaja tarehe wala toleo uhesabu kuwa wa mashine nyingine mpaka utakapothibitisha.

Marekebisho ya toleo lililopita

Msomaji wa Mikindani alikuwa na kompyuta ya mezani inayolia bipu mfululizo bila kuonyesha chochote kwenye skrini, nami nilimshauri aichomoe kwenye umeme, aitoe RAM, yaani kibao cha kumbukumbu ya muda, aisugue miguu yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio laini na kuirudisha. Amerudi na taarifa. Anasema kompyuta iliwaka, ikafanya kazi siku tatu, kisha ikaanza kulia upya. Alipomulika kwa tochi aliona kutu ya kijani ndani ya nafasi yenyewe ya kuchomekea, si kwenye RAM, na nyumba yake iko hatua chache kutoka ufukweni. Aliihamishia RAM kwenye nafasi ya pili, na mpaka anaandika, wiki tatu zimepita bila bipu hata moja. Kwa hiyo jibu langu lilikuwa na upungufu: kabla ya kusugua RAM, mulika na nafasi yake. Nimeiandika taarifa yake kwenye daftari, ikiwa na tarehe.